Kihindi Changu cha Jumatano

Mwezi uliopita walilibomoa jumba la Sinema Gulistani. Nilikuwa nimetoka kununua samaki, nikakuta njia imezibwa kwa kamba na vijana wamepanda kuta na nyundo zao. Ukuta wa mbele, ule uliokuwa ukipokea picha, ulikuwa bado umesimama peke yake, umepakwa kijani na watu wa duka la fanicha waliokuwa wapangaji wa mwisho, na jua la saa nne la asubuhi lilikuwa likiupiga waziwazi kwa mara ya kwanza tangu ujengwe. Nilisimama pale na kikapu changu nikalia. Sikujaribu hata kujizuia. Kijana mmoja akashuka, uso wote vumbi, akaniuliza kwa adabu, "Mama, kwani mlikuwa mkikaa humu?" Nikamwambia ndiyo, kila Jumatano. Jioni ile nilimwomba binti yangu anitafutie tuktuk ya kunipeleka Watamu kesho yake, kwa kuwa nina mtu nataka kumwona.

Mtu mwenyewe ni Bi Saumu. Watamu si mbali na Malindi, lakini nilikuwa nimeikwepa kwa miaka arubaini kwa ajili yake, hata arusi za huko nilikuwa nikisingizia magoti. Kuna neno nililolitamka chini ya ukuta ule nikiwa na miaka kumi na tisa, neno la uongo, na baada ya neno lile Bi Saumu alimwacha mumewe. Hakuna aliyenishika, hakuna aliyeniuliza. Nimeolewa, nimezaa, nimehiji, na kila nilipoinua mikono kuomba dua neno lile lilikuwa la kwanza kufika. Nilikuwa nikijiambia kwamba nitamweleza, muda upo, hata jumba lenyewe bado liko. Sasa jumba halikuwapo tena, na Bi Saumu alikuwa ameshapita sabini.

Mwaka wenyewe huku kwetu tunauita mwaka wa unga wa manjano, kwa sababu mvua ilikataa kunyesha na tukaletewa mahindi ya rangi ile kutoka nje. Sima yake ilikuwa na utamu usio mahali pake na ilinuka gunia. Shangazi yangu, niliyekuwa nikikaa naye mtaa wa Shela, alikuwa akiipakua kila mchana na kumwomba radhi samaki aliyemweka karibu nayo. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, sina mchumba, nina mdomo tu. Mdomo huo ulikuwa ukijulikana mtaa mzima. Nikienda dukani kununua kiberiti nilirudi na kisa, na kisa kilikuwa kimenenepa njiani.

Gulistani haikuzaliwa sinema. Baba yake Bwana Hirji alilijenga jumba lile kuwa ghala la pamba na ufuta, na pamba ilipokosa soko akaingiza viti, akaupaka ukuta wa mbele chokaa, akaagiza mashine kutoka Mombasa. Shangazi alikuwa akinisimulia Idi za ujana wake, watu walivyopanga foleni kutoka mlangoni hadi sokoni, vijana wakipuliza marashi kwenye makoti, na wengine wakiona picha moja mara nne kwa siku moja ili waweze kuvaa kama shujaa wake. Nilipofika mimi umri wa kwenda, mambo yalikuwa yamebadilika. Kule Muyeye mtu mmoja alikuwa ameweka video ndani ya banda la makuti, na wanaume wote walikuwa wamehamia huko kutazama Wachina wakipigana mateke. Ijumaa na Jumamosi Gulistani ilionyesha picha kwa watu kumi na paka mmoja. Iliyobaki ilikuwa Jumatano saa nane mchana, zanana, onyesho la wanawake peke yao, kwa kuwa hakuna mama wa Shela ambaye angeketi kwenye banda la Muyeye akaonwa. Jumatano ndiyo iliyokuwa ikilifanya jumba lile lisifungwe.

Tatizo la Jumatano lilikuwa lugha. Picha zilikuwa za Kihindi na hazikuwa na maandishi chini, na hata yangekuwapo nani angeyasoma. Miaka ya nyuma binti yake Bwana Hirji ndiye aliyekuwa akikaa mbele akiwafasiria wanawake, lakini alikuwa ameolewa Uingereza. Basi siku moja Bwana Hirji akaja barazani kwa shangazi, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa Malindi kuliko sisi, Kiswahili chake cha zamani kabisa.

"Bibi," akamwambia shangazi, "huyu Maryamu si anajua Kihindi?"

"Asijue vipi naye kakulia jikoni kwenu?"

Ilikuwa kweli nimekulia jikoni kwao, nikicheza na yule binti. Ila lugha ya jiko lile ilikuwa Kikachi, na picha zilisema lugha nyingine mbali. Kwetu sisi Kihindi kilikuwa Kihindi tu, hakuna aliyejua kwamba kuna hiki na kile. Nilijua kuomba chumvi, kukataa chakula mara tatu kwa heshima, na kumfukuza mbuzi. Bwana Hirji alilijua hilo vizuri sana. Nilipomsindikiza hadi njiani akaniambia kwa sauti ya chini, "Maneno mawili matatu yanafanana. Yaliyobaki, bibi, tazama nyuso." Yeye mwenyewe asingeweza kuifanya kazi ile, kwa kuwa mwanamume alikuwa haruhusiwi kuvuka pazia siku ya Jumatano.

Naukumbuka ukumbi ule kwa namna ambayo sikumbuki nyumba yoyote niliyoishi. Wanawake waliingia weusi kwa mabuibui, wakayavua wakayatundika migongoni mwa viti, na giza likajaa leso na magauni. Palinuka asumini, udi, kachiri za pilipili, viazi karai na watoto wa kunyonya. Mabati ya paa yalikuwa yametoboka kwa kutu na kila tundu lilidondosha kitone cha jua ukutani. Vitone vile vilitembea juu ya picha polepole, hata ukimwona malkia ana kimoja shavuni ulijua alasiri inakaribia. Mwanamume pekee alikuwa Kalume, mtu wa Kakuyuni aliyeendesha mashine, naye alifungiwa kwenye chumba chake juu, leso imetundikwa dirishani, limeachwa tundu la mwanga wa mashine tu. Mikebe ya filamu ilikuja kwa basi kutoka Mombasa na mara nyingine ilipungua. "Maryamu we," Kalume angeita kutoka juu, "leo mkebe wa tatu haukuja, ruka nao vivyo hivyo!" Nami nikaruka. Niliketi juu ya kigoda chini ya ukuta, ubavu kwa picha na uso kwa wanawake, nikasimulia. Nilioza watu, niliua watu, niliwapa mayatima baba zao. Nikiona picha imewachosha niliongeza wifi mwenye roho mbaya. Sauti yangu ilikuwa ikitangulia mpaka ukutani nyuma na kurudi, na kwa saa tatu nilikuwa mtu mwingine kabisa, si msichana wa kuchambua mchele wa shangazi. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, nasema kweli.

Bi Saumu aliketi safu ya pili, kiti cha pembeni. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mshonaji, mwembamba, na mkononi daima alikuwa na kofia anayoitoboa kwa sindano bila kuiangalia. Mumewe Omari alikuwa amekwenda Arabuni kufanya kazi. Mwaka wa kwanza zilikuja barua na kitambaa cha gauni, mwaka wa pili ikaja barua moja, kisha miaka minne kimya. Hakukuwa na maiti wala habari. Mtaani watu walimwita mke wa Omari, na kwa jina hilo hakuweza kwenda arusini akajipamba sana wala kukaa barazani akacheka sana. Mama mkwe wake alikuwa akimchunga kwa macho. Lakini Gulistani, gizani, Bi Saumu alikuwa akicheka, na mara nyingine alicheka mimi sijafungua mdomo bado. Nilidhani ni mwepesi wa kufurahi tu, nikampenda kwa hilo.

Jumatano yenyewe picha ilikuwa ya mwanamke wa stesheni. Mume anapanda treni kwenda kutafuta maisha, mke anabaki, anakuja stesheni kila siku, treni zinapita. Karibu na mwisho anasimama peke yake kwenye mvua, mama mkwe ubavuni kwake, anasema maneno marefu huku akitetemeka. Sikuelewa hata moja. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikatazama nyuso, na uso nilioukuta ulikuwa wa Bi Saumu. Sindano ilikuwa imesimama. Alikuwa anautazama ukuta kama mtu anayesomewa hukumu. Uchungu ukanishika, na mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa sauti ya juu kuliko siku zote:

"Anasema, nimengoja yatosha! Na mimi ni mtu!"

Kisha mtu nyuma akapiga kigelegele, wa pili akampokea, na mara jumba zima likalia, watoto wakaamka wakaanza kupiga makofi bila kujua sababu. Sijasikia vigelegele vya namna ile hata arusini kwangu. Picha yenyewe haikunihurumia, maana dakika chache baadaye yule mwanamke alionekana stesheni ile ile, kichwa cheupe pe, na mume akashuka kwenye treni. Nikajikaza kisabuni. Nikasema huyo mwenye mvi ni mama yake, amekuja kumpokea mkwe mpya, mtu mwema kutoka mji mwingine. Wakaitika, "Alhamdulillahi!" Nilipotoka nje jua lilinipofusha, na nilikuwa nimejawa na kiburi kitupu.

Siku ya Jumamosi nilikuwa sebuleni nyumbani nachambua mchele, shangazi na jirani wako jikoni wanakuna nazi. Mbuzi za kukunia zikasimama.

"Umesikia la Saumu?"

"La nini?"

"Kenda kwa kadhi. Ataka ndoa ivunjwe."

"Wallahi? Saumu huyu mpole?"

"Kampeleka mjomba wake jana. Amwambia kadhi hivi, nimengoja yatosha. Hivyo hivyo."

Mbuzi zikaanza tena kukuna. Mimi mchele ulinimwagika wote. Nilikwenda mbio mpaka Gulistani, nikamkuta Bwana Hirji ofisini, mahali palipotenganishwa na ukumbi kwa mbao tu, anakunywa chai ya tangawizi. Aliponiona akaanza kucheka kabla sijasalimu.

"Maryamu, bibi, yule mama wa stesheni juzi umemsemesha nini?"

"Kwani alisema nini hasa?"

Akaweka kikombe chini, akasema polepole, na niliona kwamba maneno yale aliyapenda. "Alisema, nitamngoja hata nywele zangu ziwe nyeupe, na akirudi hana macho nitamwazima yangu." Akacheka tena mpaka akakohoa. "Na nywele zikawa nyeupe kweli! Nawe ukasema ni mamake!"

Nikamwambia Bi Saumu amekwenda kwa kadhi. Kicheko kikakatika. Alizungusha kikombe chake kwa muda mrefu, na kupitia zile mbao nilimsikia Kalume anafagia maganda ya njugu.

"Ukimwambia," akasema, "atawaambia wenzake. Watajua hujui Kihindi, hawatarudi. Jumatano ikifa, mimi nafunga, Kalume anarudi Kakuyuni kwenye shamba kavu. Mimi sikwambii fanya hivi wala vile, mwanangu. Nakwambia lilivyo tu."

Nikatoka nikiwa nimeshaamua kunyamaza, na kwa miaka mingi nilisema ni kwa ajili yake na Kalume. Uongo mwingine. Nilinyamaza kwa sababu nilikipenda kile kigoda. Kesi ilichukua miezi. Siku moja nilikwenda mpaka nje ya ofisi ya kadhi nikiwa na nia ya kumweleza Bi Saumu, nikamwona anatoka na mjomba wake, akaniona, akainua mkono. Nikageuka nikajifanya natazama makubadhi dukani, mpaka mwenye duka akaniuliza ni ya mume au ya baba. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimkwepa njiani, na Jumatano nilikuwa nikisimulia huku nikiruka kiti cha pembeni cha safu ya pili kwa macho. Kadhi aliivunja ndoa, maana mume hakuwa ameleta matumizi wala neno. Bi Saumu alikaa eda, kisha akaolewa na mpishi wa hoteli moja ya Watamu, akahama.

Na Jumatano ikafa vilevile. Kabla mwaka ule haujaisha, mama mmoja wa mtaa wa Barani aliletewa video na mwanawe kutoka Jedda, akaiweka chumbani, na wanawake wakagundua kwamba wanaweza kutazama picha wakiwa wamelala kitandani na kuisimamisha wakitaka kupakua wali. Nilihesabu vichwa kutoka kwenye kigoda changu kila wiki, vikapungua. Jumatano ya mwisho walikuwa wanane, na wawili wamelala. Bwana Hirji alimshukuru kila mmoja mlangoni. Baadaye ukumbi ulikodishwa na kanisa la watu wa bara, wakaimba humo miaka kadhaa vizuri sana, kisha ukawekwa magunia, kisha fanicha. Bwana Hirji alikwenda kwa binti yake Uingereza na hakurudi. Kwa hiyo nilikuwa nimeuficha ukweli ili kuokoa kitu ambacho hakikuokoka.

Hayo ningeweza kuyabeba. Lakini baada ya miaka miwili Omari alirudi. Nilikuwa nyumbani aliposimama barazani kwa shangazi na sanduku moja, amekonda, shati limemzidi. Alikuwa amefungwa huko kwa mambo ya karatasi, mwaka hadi mwaka, na barua zake hazikuwa zikitoka. Shangazi ndiye aliyemweleza. Alisikiliza, akasema, "Basi ndivyo Mungu alivyopanga," akaomba maji. Mimi ndiye niliyempelekea. Aliniambia ahsante mwanangu mara mbili, mara ya kwanza alipopokea bilauri na mara ya pili alipoirudisha. Siku iliyofuata akaenda zake Lamu kwa ndugu zake, na hakuwahi kurudi. Nilijifungia chooni nikalia mpaka shangazi akadhani nina mimba.

Basi nilifika Watamu saa tatu. Bi Saumu alikuwa uani juu ya mkeka, anachambua mchicha, miguu ameinyoosha, wajukuu wanapita na kurudi. Nywele zake nyeupe zilichungulia kwenye mtandio.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba. Maryamu! Leo umepotea njia?"

Nikakaa. Nilikataa chai, maana nilijua nikishaipokea sitasema. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: Kikachi na Kihindi, mwanamke wa stesheni, nywele nyeupe, ofisi ya Bwana Hirji, makubadhi, bilauri ya maji. Nilimwambia, mimi ndiye niliyekuvunjia ndoa yako na Omari, nimekuja uniambie nifanye nini. Yeye alikuwa anaendelea kutenga majani na vijiti. Nilipomaliza akakisogeza kisahani cha mchicha kando.

"Unajua nilikuwa wapi kabla sijaolewa?"

"Si Mombasa?"

"Mombasa nikifanya nini? Nilikuwa nikipikia Wahindi, wale wenye kusema lugha ya sinema. Miaka saba. Yule mwanamke nilimsikia kwa masikio yangu haya. Alisema atangoja."

Nadhani nilisema "Ati?" Sikumbuki.

"Mimi nilikuwa nimeshakata shauri tangu mwezi wa mfungo," akasema. "Sikumwogopa kadhi. Sikumwogopa hata Omari, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, mimi nilikuwa nimechoka. Niliwaogopa wenzangu. Nilikuwa nikijiuliza, nikilisema neno hili watanitazama vipi? Wewe ukalisema. Na nani alipiga kigelegele cha kwanza, wamjua?"

"Simjui."

"Mkwe wangu. Mamake Omari. Alikuwa ameketi nyuma yangu." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sidhani alijua anapigia nini. Lakini alipiga. Ijumaa yake nikaenda."

Jogoo alipita juu ya mkeka, akamfukuza. Kisha akanishika mkono.

"Nilikuona ukinikwepa, Maryamu. Nikajua mtoto huyu kajitwisha mambo. Ningekuja kukwambia. Lakini ungejua kwamba nakielewa Kihindi, usingefungua mdomo tena mbele yangu, na mimi raha yangu duniani ilikuwa ile Jumatano. Nikasema wiki ijayo, wiki ijayo. Halafu nikahamia huku nikaona aibu. Nisamehe."

Nilikasirika. Sitaficha hilo, nimeficha ya kutosha. Nilimtazama mwanamke yule mzee na mchicha wake nikahesabu dua zangu zote za miaka arubaini, nikataka kusimama niondoke. Nikamuuliza kwa ukali, maana sikupata jingine la kuuliza, "Na tafsiri zangu nyingine, je?"

"Mbovu," akasema. "Hukupata hata moja."

Nikamwambia nimekusamehe. Lilikuwa bado si kweli, naye nadhani alijua. Basi nikapiga simu nyumbani nikasema nitachelewa, nikakaa kwake siku tatu. Siku ya tatu asubuhi tulikuwa tunakanda unga wa mahamri, kila mmoja na upande wake wa sinia, na hapo lile la kusamehe likawa kweli.